Betri ya sola ya kukodi: hesabu yake, anayefaidika, na mzigo unaobaki betri ikifa

Betri ya sola ya kukodi ni betri inayochajiwa kwa paneli za jua katika kituo kimoja, kisha mwenye biashara huichukua kwa siku moja au zaidi kwa malipo. Moto ukiisha huirudisha na kupewa nyingine iliyojaa. Mteja hanunui paneli, hanunui betri, wala haiti fundi wa kumpandia dari. Analipia moto uliomo ndani tu. Ni kama tunavyobadilisha mtungi wa gesi: mtupu unakwenda, uliojaa unarudi, na hakuna anayeuliza mtungi wake wa mwezi jana uko wapi.

Jambo hili linatuhusu watu wa Pwani kuliko tunavyodhani. Serikali ya Kenya ilipoanzisha mradi wa umeme wa jua kwa maeneo yasiyofikiwa na gridi, unaojulikana kama KOSAP na unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, ilitaja kaunti 14 zilizoachwa nyuma. Tano kati ya hizo ni zetu: Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Yaani katika Pwani yote ni Mombasa peke yake iliyokosekana kwenye orodha hiyo. Kinyozi wa kijiji cha ndani ya Magarini, mama anayeuza juisi na samaki wa kukaanga kwenye gati la kisiwa, na kijana wa kuchaji simu kule Tana Delta wote wana swali moja: nitapata wapi moto wa kuendesha kazi leo, bila kusubiri nguzo?

Wazo lenyewe si geni. Wazee wetu wengi wanakumbuka betri ya gari iliyofungwa nyuma ya baiskeli na kupelekwa sokoni au kwenye kituo cha mafuta kuchajiwa, ili nyumbani watu waone mpira kwenye televisheni ndogo ya rangi mbili. Betri ile ilikuwa mali ya mtu, ilichajiwa vibaya, ilitumiwa mpaka ikakauka kabisa, na ikafa mapema. Kilichobadilika sasa ni mambo matatu: chanzo cha umeme ni jua, betri nyingi ni za lithiamu badala ya risasi na asidi, na mwenye betri ni kituo. Hilo la tatu ndilo lenye uzito zaidi.

Mahali ilikofanywa

Mfano wa karibu zaidi uko hapa hapa Kenya, upande wa Ziwa Victoria. Mwaka 2008 kampuni ya taa ya Ujerumani, Osram, pamoja na shirika la Global Nature Fund walifungua kituo cha sola Mbita kwa jina la Umeme Kwa Wote. Walengwa wakuu walikuwa wavuvi wa omena. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na miaka yote taa hiyo ilikuwa karabai ya mafuta taa, moja au zaidi kwa kila chombo, usiku kucha. Mafuta yalikula sehemu kubwa ya pato kabla samaki hajafika nchi kavu. Kituo kikawakodisha taa na betri. Mvuvi anachukua jioni, anarudisha asubuhi. Kazi hiyo baadaye iliendelezwa chini ya wakfu wa Siemens Stiftung, na leo inafanywa na kampuni inayoitwa WeTu, ambayo pamoja na taa za wavuvi imeingia pia kwenye pikipiki za umeme na maji safi ya kunywa.

Angalia jinsi kazi ile ilivyolingana na jua. Mvuvi anatumia moto usiku, paneli zinachaji mchana. Na usiku wa mbalamwezi omena hawaji vizuri kwenye taa, kwa hiyo wavuvi hupumzika siku kadhaa kila mwezi. Siku hizo mtu hakodi na halipi. Anayelipia mkopo hana mapumziko hayo.

Tanzania kuna kampuni ya Jaza Energy, ambayo hujenga vibanda vya sola vijijini na kuajiri wanawake wa kijiji hicho hicho kuviendesha. Familia na wenye maduka huja na betri iliyoisha na kuondoka na iliyojaa, kwa miguu. Afrika Magharibi, Sierra Leone ndiko kampuni ya Kiingereza ya Mobile Power, ijulikanayo kwa jina la MOPO, ilikoanza kabla ya kuingia Nigeria na Kongo. Wao hukodisha kupitia mawakala wa kijijini wanaolipwa kamisheni. Walianza na betri ndogo ya taa na simu, kisha wakatengeneza kubwa ya kushindana na jenereta ya petroli. Na mbali zaidi, Laos, kampuni ya Sunlabob ilikuwa ikikodisha taa za sola vijijini tangu muongo wa kwanza wa karne hii, kwa sababu ambayo mtu yeyote wa Pwani ataielewa: maskini hununua mafuta taa kwa kichupa, si kwa mtungi, kwa hiyo naye auziwe mwanga kwa kichupa.

Wati-saa, si siku

Kabla hujaulizwa "ni pesa ngapi kwa siku", uliza betri ina wati-saa ngapi. Wati-saa ni wati za chombo ukizidisha kwa saa kinazofanya kazi. Taa ya wati 5 ikiwaka saa 4 imekula wati-saa 20. Yuniti moja ya tokeni ya Kenya Power ni wati-saa 1,000. Simu ya kawaida ya siku hizi, yenye betri ya mAh 5,000, hubeba karibu wati-saa 19, na ukiweka upotevu wa njiani ni 20 na kitu.

Tuchukue kinyozi. Mashine yake ya kunyoa ni wati 15 hivi, na kwa siku inazunguka kwa kweli saa 5: hiyo ni 75. Taa mbili za wati 5 kwa saa 4 jioni: 40. Redio ya wati 10 kutwa nzima, saa 8: 80. Kisha anachajia watu simu 10: 200. Jumla ni karibu wati-saa 400. Akipewa betri ya wati-saa 50, ile ya taa na simu, itamzimikia mteja akiwa amenyolewa nusu kichwa. Anahitaji ya 500. Kwa nini 500 na si 400? Kwa sababu mashine za kawaida za kunyoa hutaka umeme wa volti 240, na inveta inayougeuza umeme wa betri kuwa huo hula sehemu yake, mara nyingi asilimia 10 au 15, hata wakati mashine imetulia lakini inveta iko wazi. Mwenye kutumia vyombo vya volti 12 moja kwa moja huokoa hapo.

Sasa bei. Tuseme kituo kinamkodisha betri hiyo kwa shilingi 150 kwa siku; ni bei ya mfano, si ya kampuni yoyote. Kwa wati-saa 500, hiyo ni sawa na shilingi 300 kwa yuniti. Mwenzake wa mjini mwenye duka dogo analipa Kenya Power takriban shilingi 25 hadi 30 kwa yuniti ukishajumlisha ushuru. Basi stima ya kukodi ni ghali mara kumi! Hapo ndipo wengi huishia na kusema ni wizi.

Lakini kinyozi wetu hana Kenya Power. Ana jenereta ndogo. Na jenereta ikiendeshwa kwa mzigo mdogo hunywa petroli nyingi kuliko kazi inayofanya. Haijui kwamba ni mashine moja tu ya kunyoa. Akiiwasha saa 5 tu kwa siku, kuepuka hasara, lita mbili zinaweza kwenda. Petroli ikiwa shilingi 180 kwa lita, hiyo ni 360, bila oili, bila plagi, bila kelele inayomfukuza mteja na moshi unaoingia dukani. Kwa kazi ile ile. Halafu zile simu 10 anazochaji kwa shilingi 20 kila moja humpa 200, ambazo zimeshalipa betri ya 150 na chenji ikabaki. Kwa hiyo betri ya kukodi hupimwa dhidi ya jenereta na mafuta taa, kwani ndivyo vilivyopo. Nguzo ikifika kijijini na stima isikatike kila jioni, akili ya biashara ni kuunganisha na kuachana na betri.

Nani akodi, nani anunue

Hesabu hiyo hiyo ina upande wa pili ambao wenye vituo hawapendi kuutaja. Shilingi 150 kwa siku 300 za kazi ni shilingi 45,000 kwa mwaka. Kwa pesa hizo mtu anaweza kujinunulia paneli na betri ya wastani ya lithiamu ya kumtosha kinyozi, zikawa zake. Kwa hiyo kinyozi aliyekaa mahali pamoja miaka mitano, mwenye kibanda chake, dari lake na wateja wake, kukodi mwaka baada ya mwaka si busara. Afanye akiba kwenye chama, au achukue kwa mtindo wa kulipa mdogo mdogo kwa simu, aangalie tu asije akalipa mara mbili ya bei.

Anayefaa kukodi ni mwingine. Ni yule anayepanga kibanda, ambaye mwenye nyumba hamruhusu kutoboa mabati, au paneli zikikaa juu usiku mmoja asubuhi hazipo. Ni yule anayefuata magulio, Jumanne hapa, Ijumaa kule. Ni yule anayeanza na hajui kama wateja watakuja. Na zaidi ya wote, ni yule ambaye pato lake lina msimu.

Hapa tukae kidogo, kwa sababu ni kwetu. Bahari yetu ina kaskazi na kusi. Kaskazi, bahari imetulia, vyombo vinatoka, samaki yupo, pesa ziko mkononi. Kusi ikikaza, kuanzia hapo Aprili na kuendelea, wenye mitumbwi na ngalawa wengi hubaki nchi kavu au huvua ndani ya mwamba tu. Wenye biashara zinazotegemea samaki, kuanzia mama karanga wa ufuoni hadi muuza chai wa bandari ndogo, nao hupungukiwa. Mkopo wa sola wa kulipa kila siku haujui kusi. Ukikosa kulipa, kifaa hujifunga, na deni linabaki pale pale likikungoja. Betri ya kukodi, usipoitaka hukwenda kuichukua, basi. Hudaiwi. Ukiangalia mwaka mzima, mtu anayekodi miezi sita ya kaskazi tu anaweza kutumia chini ya yule aliyekopa, hata kama kila siku moja moja alilipa zaidi.

Sababu nyingine ya kukodi ni kufa kwa betri, kwani betri ni kitu kinachokufa. Ile ya risasi na asidi, tunayoiita ya gari au ya sola ya kawaida, ukiitoa nusu ya moto wake kila siku huenda mizunguko 300 hadi 500. Ukiikausha kila siku, hata mwaka haimalizi. Na joto ni adui: kanuni wanayoitumia mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25, umri wa betri hiyo hukatika nusu. Ndani ya kibanda cha mabati cha Pwani mchana wa Februari, unaweza kukisia mwenyewe. Betri ya lithiamu ya aina inayotumika kwenye sola huenda mizunguko 2,000 na zaidi, na unaweza kutumia asilimia 80 au 90 ya moto wake bila kuiumiza.

Tuseme betri ya risasi ya kutoa wati-saa 480 kwa siku ni shilingi 12,000, na ikaenda mizunguko 400. Hiyo ni shilingi 30 kwa kila mzunguko. Ya lithiamu yenye kazi hiyo tuseme ni 25,000 kwa mizunguko 2,000: ni shilingi 12 na senti 50. Ya bei ndogo ndiyo ghali. Lakini mwenye kibanda hana 25,000 siku ya kwanza, kwa hiyo hununua ile ya 12,000, inakufa, ananunua nyingine. Kituo chenye mtaji hununua ile ya pili na kumkatia vipande vya siku moja moja. Anachouziwa mteja hasa ni uwezo wa mtu mwingine wa kununua kitu kizuri kwa mkupuo, na uwezo wa kuubeba msiba betri ikifa kabla ya siku zake.

Barafu na friza

Swali linalorudi kila mara ufuoni ni la barafu. Je, betri ya kukodi itaendesha friza? Kwa kifupi, haifai. Kugandisha kilo moja ya maji yaliyo na joto la Pwani, kwa friza ndogo nzuri, hula kwa makadirio karibu wati-saa 100. Betri ile ya 500 inakupa kilo tano za barafu. Kilo tano! Ndoo moja. Friza ya kawaida ya dukani, ya volti 240, hula yuniti nzima au zaidi kwa siku kwenye joto letu, hata kama haigandishi kitu kipya. Friza maalumu za sola za volti 12 au 24 hula pungufu, kama wati-saa 400 hadi 800, lakini hizo ziunganishwe na paneli zake juu ya dari, ili ziganze mchana jua likiwa kali na usiku zihifadhi baridi tu. Kazi ya barafu ni ya kikundi au ya BMU yenye mtambo wake wa sola. Anayekuja na betri ya kubeba mkononi akiahidi kukugandishia samaki, mwombe aijaribu kwa friza yako siku tatu kwanza.

Mashine ya kusaga juisi ni habari tofauti. Ina wati 300 hadi 500, inatisha kwenye karatasi, lakini hufanya kazi nusu dakika kwa glasi. Glasi 40 ni kama dakika 20, yaani wati-saa 150 hivi. Cha kuangalia hapo ni kama inveta ya betri inahimili ule mruko wa kuwasha.

Umbali

Mambo mengi ya biashara hii yanakufa kwenye umbali, na ndiyo maana mipango mizuri ya karatasi imeshindwa mahali pengi. Betri ya lithiamu ya wati-saa 500 ina uzito wa kilo 5 au 6. Mtu mzima anaibeba. Betri ya risasi yenye ampea-saa 100 ni kilo karibu 30. Hiyo ni mkokoteni. Lakini hata ile nyepesi, kituo kikiwa kilomita sita na boda boda ni shilingi 50 kwenda na 50 kurudi, ile 150 imekuwa 250, na muda wa kwenda ni muda ambao kibanda kimefungwa. Kisiwani, ongeza nauli ya mashua na maji yaliyotoka yakakuacha ukingoja. Kituo kinachofaa ni kile ambacho mteja anaweza kukifikia kwa miguu ndani ya robo saa, au ambacho kina kijana wa kusambaza na kukusanya asubuhi kwa mkokoteni au tuktuk, na gharama yake imeshahesabiwa ndani ya bei. Ukiwa na nia ya kufungua kituo, chora duara hilo kwanza kabla ya kununua paneli.

Na hesabu ya paneli yenyewe si ngumu. Wateja 20 wanaotumia wati-saa 400 kila mmoja ni yuniti 8 kwa siku. Weka upotevu wa kuchaji, ni 10. Paneli za kilowati moja Pwani hutoa wastani wa yuniti 4 au 4 na nusu kwa siku. Basi unahitaji kilowati mbili na nusu. Lakini wastani hauna masika. Mwezi wa Mei mawingu yakikaa siku nne mfululizo, wateja 20 watasimama mlangoni na betri tupu, na aliyewaonja hawarudi. Wanaitoa jenereta stoo. Kwa hiyo weka tatu na nusu, au uwe na njia ya pili ya kuchaji.

Jambo wasilolifikiria wengi ni idadi ya betri. Ikiwa wateja wako wote ni wavuvi, betri 20 zinatosha wateja 20, kwa kuwa mchana zimekaa kwako zinachaji. Ikiwa ni vinyozi na mafundi cherehani, wanazihitaji mchana, saa ile ile ya jua. Kila mmoja anahitaji betri mbili, moja kazini na moja kituoni, au kituo kiwe na akiba kubwa ya betri zisizotoka za kuchajia usiku. Mtaji unakaribia kuwa maradufu. Kituo cha ufuoni kinachochanganya wavuvi wa usiku na maduka ya mchana, betri ile ile ikizunguka mikono miwili, kina nafasi nzuri kuliko vyote, mradi saa za kurudisha ziheshimiwe na jua limpe nafasi ya kuichaji katikati. Si rahisi, lakini hapo ndipo faida ilipo.

Kuhusu ufundi: kwa sheria za Kenya, mwenye kufunga mitambo ya sola anatakiwa awe na leseni ya EPRA. Mwulize fundi wako leseni yake. Vichwa vya betri na viunganishi vipakwe grisi, maana hewa ya chumvi inakula shaba haraka. Betri isifunguliwe na mteja, isilowe maji ya bahari, na isifungwe kwenye boda boda pamoja na chuma kinachoweza kugusa vichwa vyote viwili. Shoti ya lithiamu si cheche ndogo.

Kabla ya kutia saini

Vituo vingi hutaka amana. Ni haki yao, betri ni pesa. Lakini karatasi iseme amana ni kiasi gani, inarudishwa lini, na ni nani mwenye hasara betri ikiibiwa, ikiungua, au ikifa yenyewe. Hilo la mwisho lisiachwe hewani. Betri iliyochoka hubeba moto kidogo kuliko ilivyoandikwa, na kwa kuwa hubadilishwa kila siku, leo unaweza kupewa nzuri na kesho kikongwe kwa bei ile ile. Omba kituo kikuonyeshe kiasi cha wati-saa kinachoingia, au kikutoze kwa ulichotumia badala ya siku. Betri za kisasa zina kompyuta ndogo ndani inayojua haya yote. MOPO, kwa mfano, huzifunga betri zao zisitoe moto muda wa kukodi ukiisha mpaka zirudishwe. Kama kompyuta hiyo inaweza kukufungia wewe, inaweza pia kukupimia. Kitambulisho chako usikiache kama amana.

Jambo jingine ni mtu wa pili. Kijiji chenye kituo kimoja kina bwana mmoja wa stima. Akipandisha bei wakati wa Ramadhani, biashara za usiku zinapochangamka, huna pa kwenda. Vituo vinavyomilikiwa na chama cha kijiji au kikundi cha wanawake vina matatizo yao, hasa ya nani anashika pesa, lakini bei huamuliwa barazani.

Betri iliyokufa

Pwani hatuna haki ya kuzungumza kuhusu betri bila kuitaja Owino Uhuru. Kuanzia mwaka 2007 hadi 2014 kiwanda kiliyeyusha betri kuukuu za risasi pembeni ya mtaa huo wa Mombasa. Moshi na maji machafu vikaingia kwa watu, watoto wakakutwa na risasi kwenye damu, na ardhi ikachafuka. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mwanawe mwenyewe alikutwa na sumu hiyo, aliongoza vita vya kukifunga, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mahakama ya Mazingira na Ardhi Mombasa iliamua Julai 2020 wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo mwaka 2023, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Watu walikuwa wamekwisha kufa njiani.

Betri zile hazikutoka mbinguni. Zilikuwa za magari na za sola, zilizonunuliwa moja moja na watu kama sisi, zikafa, zikauzwa kwa kilo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Risasi ina soko, ndiyo maana huyeyushwa, na ndiyo maana huyeyushwa vibaya. Mtu mwenye betri moja hana la kufanya ila kumpa aliyekuja na mizani.

Kituo cha kukodisha kina betri zote mahali pamoja, zenye namba, na kinajua ipi imekufa lini. Kwa maana hiyo kinaweza kufanya ambalo wenye betri moja moja mia mbili hawawezi. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 tayari inamtaka anayeleta bidhaa sokoni abebe jukumu lake hata baada ya mteja kumaliza nayo. Lakini lithiamu ya sola ina shida yake: tofauti na risasi, chakavu chake hakina bei ya kumvutia mtu wa mizani, kwa hiyo hatari si kuyeyushwa nyuma ya nyumba bali kutupwa jaani au baharini, au kufunguliwa na fundi wa mtaani anayetafuta seli mbili nzima ndani. Nairobi kuna WEEE Centre inayopokea taka za kielektroniki. Kutoka Kizingitini au Vanga hadi Nairobi ni safari, na lazima mtu ailipie.

Basi kamati ya kijiji au BMU inapokaa na kampuni inayotaka kiwanja cha kujenga kituo cha betri, bei ya siku itajadiliwa, na ajira za vijana zitajadiliwa. Iwepo pia karatasi inayosema betri zilizokufa zitahifadhiwa wapi, kwa muda gani, zitachukuliwa na nani, na kwa pesa ya nani, na nakala yake ibaki kwa chifu na kwa ofisi ya NEMA ya kaunti kabla paneli ya kwanza haijapandishwa.